Rangi ya Kiwanda na Rangi ya Gereji

Gari lililogongwa mlango likishanyooshwa, likatiwa puti na kupigwa msasa, kazi yote huja kupimwa kwa swali moja: je, mlango umefanana na ubavu mzima? Mara nyingi haufanani. Asubuhi unaonekana sawa, jioni umechujuka. Ukiutazama uso kwa uso unang'aa kama wenzake, ukisogea pembeni unageuka mweusi zaidi. Lawama zote humshukia fundi wa rangi, kwamba hana jicho, au kwamba amezidisha thina ili abakize rangi ya kuuza. Wapo mafundi wa namna hiyo, tena si wachache. Hata hivyo, ukiifuata historia ya rangi ya gari kutoka Detroit ya miaka ya 1910 hadi gereji za Kirinyaga Road, Nairobi, na za Gerezani, Dar es Salaam, utaona kwamba chanzo kikubwa kiko kwingine. Kulikuwa na kipindi ambacho kiwanda na gereji vilitumia rangi ileile, ya kopo la aina moja na bunduki ya aina moja. Baada ya hapo kiwanda kilibadili rangi yake mara kwa mara kwa sababu zake chenyewe, za kasi, za mauzo na za sheria, na kila kilipobadili kilimwachia fundi kazi ya kuigiza kitu ambacho hana tena uwezo wa kukitengeneza. Rangi isiyolingana imezaliwa zaidi na kuachana huko kuliko ilivyozaliwa na uzembe.

Magari ya kwanza yalirithi rangi ya magari ya farasi. Rangi ya mafuta ya kitani na vanishi ilipakwa kwa brashi, mkono juu ya mkono, kila mkono ukiachwa ukauke kisha ukasuguliwa kabla ya unaofuata, hata gari moja likakaa majuma kadhaa kwenye chumba cha rangi. Henry Ford aliliepuka tatizo hilo kwa kuikataa rangi. Model T ilipotoka mwaka 1908 ilipatikana nyekundu, kijivu na kijani, lakini kuanzia mwaka 1914 hadi katikati ya muongo uliofuata iliuzwa nyeusi tu. Husemwa kila mahali kwamba nyeusi ilichaguliwa kwa kuwa hukauka haraka. Lenye uhakika zaidi ni kwamba nyeusi ile ya lami ilikuwa nafuu, ngumu, na sehemu nyingi za gari ziliweza kuchovywa humo na kuokwa kwenye tanuri. Kwa mtengenezaji ilikuwa akiba. Kwa mwenye gari ilikuwa na faida ambayo haikutangazwa, kwamba gari lote likiwa jeusi, kipande kipya cheusi hakipigi kelele. Sisemi zilikuwa nyeusi za namna moja. Ford alitumia nyeusi za michanganyiko tofauti kwa sehemu tofauti za gari hilohilo. Ila jicho husamehe tofauti ndogo za nyeusi ambazo lisingezisamehe kwenye buluu.

Hapa mtu anaweza kupinga kwamba basi tatizo lilikuwepo tangu enzi za farasi, maana vanishi hugeuka manjano kadiri inavyozeeka, na kipande kipya kisingelingana na cha zamani hata kama kimepakwa na mkono uleule. Ni kweli, na watu wa wakati ule walilijua. Jibu lao lilikuwa desturi. Gari la kifahari la farasi lilirudishwa kwa mpakaji kila baada ya muda likatiwa vanishi upya lote, na lililoharibika sana likapakwa upya lote. Hakuna aliyetarajia ubao mmoja upakwe peke yake na usionekane. Matarajio hayo tuliyo nayo leo, kwamba mlango mmoja utengenezwe na mtu yeyote asijue, ni mapya, na yaliwezekana kwa sababu ya aina moja ya rangi.

Rangi hiyo ilitoka kwenye baruti. Kampuni ya DuPont ilipomaliza Vita Kuu ya Kwanza ilibaki na uwezo mkubwa wa kutengeneza nitroselulosi, malighafi ya baruti isiyo na moshi na ya filamu za sinema, na ikawa inaitafutia kazi ya wakati wa amani. DuPont pia ilikuwa mwanahisa mkubwa wa General Motors, kiasi kwamba Pierre du Pont mwenyewe aliiongoza General Motors kuanzia mwaka 1920 hadi 1923. Upande wa General Motors, Charles Kettering, mkuu wa utafiti, alikuwa anahangaika na chumba cha rangi, kwa sababu hapakuwa na maana ya kuunganisha magari kwa dakika halafu kuyaweka majuma yakisubiri vanishi. Wanakemia wa DuPont walipata namna ya kuifanya nitroselulosi iwe nyepesi ya kunyunyizika huku ikibeba unga mwingi wa rangi. Ikaitwa Duco, na mwaka 1923 magari ya Oakland, mojawapo ya chapa za General Motors, yalitoka na buluu iliyopewa jina la True Blue. Kazi ya majuma ikawa kazi ya saa chache. Chombo cha kunyunyizia nacho kilikuwa tayari, kwa kuwa Thomas DeVilbiss wa Toledo, Ohio, alikuwa amekigeuza kinyunyizio cha dawa cha baba yake, aliyekuwa daktari, kuwa bunduki ya rangi.

Katika hadithi hii Duco kwa kawaida husifiwa kwa kuharakisha kiwanda. Ninadhani jambo kubwa zaidi kwetu ni lile la pembeni, kwamba ilikauka kwa hewa. Thina inaruka, utando unabaki, kazi imekwisha. Hapahitajiki tanuri wala kemia ya ziada. Kwa hiyo gereji ya kijiji yenye kompresa na bunduki iliweza kupaka kitu kilekile kilichopakwa kiwandani. Zaidi ya hapo, rangi ya aina hiyo huyeyuka tena ikiguswa na thina yake, hivyo rangi mpya iliuma ndani ya ile ya zamani, na mpaka kati ya hizo mbili ungeweza kusuguliwa na kung'arishwa hadi ukapotea. Ilikuwa na ubaya wake, na mkubwa. Ilichakaa na kufanya unga juani, na iling'aa tu kwa aliyekuwa tayari kuipiga polishi. Hata hivyo, ilizeeka kwa namna moja pande zote mbili, na fundi aliyejua kukoroga alikuwa na nafasi halisi ya kushinda.

Kwa bahati mbaya urahisi huohuo ndio uliofungua mlango wa rangi nyingi. Alfred Sloan, mkuu wa General Motors, aliona kwamba gari la rangi mpya linaweza kumfanya mtu aone haya kuendesha la zamani lisilo na kasoro. Mwaka 1925 DuPont ilimwajiri H. Ledyard Towle, msanii aliyekuwa ameshughulikia ufichaji wa kijeshi wakati wa vita, awe mshauri wa rangi za magari. Mtu aliyejifunza kufanya vitu visionekane sasa akalipwa ili vionekane. Mwaka 1927 General Motors ikaanzisha idara ya usanii na rangi chini ya Harley Earl. Kufikia miaka ya 1950 magari ya Marekani yalitoka na rangi mbili kwa gari moja, na orodha ikabadilika kila mwaka. Fundi aliyekuwa anahitaji makopo machache sasa alihitaji rafu nzima, na rangi aliyoizoea mwaka huu mwaka ujao haikutengenezwa tena.

Wingi peke yake usingemshinda, kwa kuwa rangi nyingi bado zinaweza kukorogwa. Kilichomshinda ni tanuri. Katika miaka ya 1930 Ford ilihamia enameli ya kuokwa, ngumu kuliko Duco na isiyodai polishi, na wengine wakaifuata kwa nyakati zao. General Motors ilikaa na rangi ya kuyeyuka kwa muda mrefu zaidi, ikibadili nitroselulosi kwa akriliki mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha nayo ikahama. Leo utando wa juu wa gari jipya huokwa kwenye joto la nyuzi 140 hivi za selsiasi, wakati gari ni chuma kitupu. Gari likishatiwa viti, nyaya, taa na matairi haliwezi kuingia humo tena. Ndiyo maana gereji ilipewa rangi nyingine kabisa, ile mafundi wanayoiita 2K, inayokuwa ngumu kwa kuchanganywa na hadina, kwa hewa ya kawaida au kwenye chumba cha nyuzi 60. Ni uzao wa kemia ya poliyurethani aliyoigundua Otto Bayer huko Leverkusen mwaka 1937, na ni rangi nzuri sana, ingawa hadina yake ina isosayaneti, sumu inayoharibu mapafu ya wapakaji kwa kuwaletea pumu, na wengi wetu tumewaona wakiinyunyiza wakiwa wamefunga kitambaa tu puani. Kuanzia siku kiwanda kilipoingia tanurini, hakuna gereji popote duniani iliyopaka tena rangi ileile iliyotoka na gari. Hata ya Stuttgart, mji wa viwanda vya magari, haipaki. Kinachopakwa ni mfano wake.

Hali ikawa mbaya zaidi pale rangi zilipotiwa chembe. Chembe za alumini nyembamba kama magamba huelea ndani ya rangi na kurudisha mwanga kama vioo vidogo. Rangi ya kawaida ina jibu moja: ni nyekundu au si nyekundu. Rangi ya chembe ina jibu moja ukiitazama usoni na jibu jingine ukiitazama kwa pembe, na majibu yote mawili hutegemea chembe zimelala vipi. Fundi akipiga rangi kavukavu, bunduki ikiwa mbali na presha kubwa, chembe hulala bapa karibu na juu na uso huonekana mweupe. Akipiga mbichi, zinazama na kusimama hovyo, na uso hugeuka mweusi. Kopo ni lilelile, mkono ni uleule, rangi ni mbili. Kiwandani roboti hutumia kikombe kinachozunguka kwa kasi kubwa na umeme wa tuli unaovuta matone kwenye chuma. Gereji ina bunduki ya hewa. Hata kama mchanganyiko ungekuwa sawa hadi tone la mwisho, vyombo hivyo viwili havilazi chembe kwa namna moja. Katika miaka ya 1980 klia, utando wa juu usio na rangi, ilipoenea, na unga wa mika ukaleta rangi za lulu, tofauti hiyo ikapata kina kipya, kwa sababu sasa mwanga unapita tabaka mbili au tatu kabla haujarudi.

Jinsi kiwanda kinavyojifunga na vitu visivyoigizika ilionekana wazi mwezi Machi 2011. Tetemeko na tsunami vilipoipiga Japani, kiwanda kimoja cha kampuni ya Merck huko Onahama, karibu na Fukushima, kilisimama. Hicho ndicho kilichokuwa kikitengeneza Xirallic, unga unaozipa rangi mng'ao wa kumetameta, na hakikuwa na mwenzake. Ford ikawaambia wauzaji wake waache kuagiza nyeusi mojawapo na baadhi ya nyekundu, na Chrysler nayo ikabana rangi zake kadhaa. Kama kampuni zenye nguvu kiasi hicho hazikuweza kutengeneza rangi zao zenyewe bila unga mmoja kutoka mji mmoja wa pwani, basi tumwonee fundi haya kidogo tunapomdai rangi ileile kwa makopo aliyonayo.

Pingamizi la nguvu zaidi ni la kompyuta. Wasemao hivi wana hoja: rangi ni namba sasa, mashine inapima, inatoa fomula, mizani inapima gramu, na anayekosea amekosea kwa kutaka. Sayansi hiyo ni ya kweli na ni ya kupendeza. Mwaka 1931, kwa majaribio ya W. David Wright na John Guild huko Uingereza, tume ya kimataifa ya mwanga iliandika namba za jicho la kawaida, zilizotokana na watu 17 tu. Mwaka huohuo Paul Kubelka na Franz Munk walichapisha hesabu ya namna mwanga unavyomezwa na kutawanywa ndani ya rangi, hesabu inayowezesha kukadiria mchanganyiko kabla ya kuukoroga. Mwaka 1958 Davidson na Hemmendinger walitoa mashine ya kukokotoa michanganyiko, na mwaka 1976 ukaja mfumo wa namba unaotumika hadi leo kupima umbali kati ya rangi mbili. Spektrofotomita za mkononi, yaani mashine za kupima rangi, zilipoingia kwenye gereji, ilionekana kama kazi imekwisha.

Haikwisha, na sababu iko ndani ya sayansi yenyewe. Rangi mbili zinaweza kutoa namba sawa chini ya mwanga mmoja na kutengana chini ya mwingine, iwapo zimetengenezwa kwa unga tofauti. Ndiyo maana mlango unaolingana gerejini chini ya taa ya tyubu unatoka nje ukiwa mgeni. Kwa kuwa gereji haitumii rangi ya kiwandani, haitumii unga uleule wala gundi ileile, na hatari hiyo ni ya kudumu. Kwa rangi za chembe ilibidi mashine zifundishwe kupima kwa pembe kadhaa, kwa kawaida nyuzi 15, 45 na 110, na kufanya hivyo ni kukiri kwamba namba moja haitoshi. Kisha mashine ikishasema yote, fomula yake hudhani bunduki, presha na umbali fulani. Hesabu hulijua kopo, haikijui kiganja. Wenye viwanda vya rangi wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana chini ya namba moja ya rangi huorodhesha matoleo kadhaa, moja la manjano zaidi, jingine la giza zaidi, kwa sababu gari la namba hiyo lililotoka kiwanda hiki halifanani kabisa na lililotoka kile. Tofauti ilianza kabla ya ajali.

Afrika Mashariki ilijiunga na historia hii mwishoni, na kwa upande mgumu. Magari yetu mengi ni yaliyotumika Japani. Kenya hairuhusu kuingiza yaliyozidi miaka 8, na Tanzania huyatoza zaidi ya zamani, kwa hiyo gari hufika likiwa limeshaliwa na jua, limeshaoshwa kwa brashi, na pengine limeshagongwa. Karatasi za minada ya Japani zina alama ya W kwa paneli iliyowahi kunyooshwa na XX kwa iliyobadilishwa. Mnunuzi wa Mombasa au Dar es Salaam akiipuuza alama hiyo, fundi wake atasoma namba ya rangi kwenye kibati cha gari, tuseme 1F7, fedha ya Toyota iliyojaa barabarani, atakoroga kwa uaminifu, halafu atashangaa mlango ukikataa kufanana na madigadi. Namba inasema gari lilizaliwaje. Haisemi limepitia wapi.

Hapo ndipo pingamizi la jua huingia, kwamba jua la ikweta hupausha kila kitu na hakuna kiwanda cha kulaumiwa. Sehemu yake nakubali. Nyekundu hufa mapema, na bampa la plastiki hupauka kwa mwendo tofauti na chuma cha jirani yake. Lakini uvumilivu wa rangi kwa jua nao ni uamuzi wa kiwanda. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, magari mengi ya Marekani yalibambuka klia na rangi kwa mapande, kwa sababu watengenezaji walikuwa wameruka tabaka la kati la praima, na miale ya jua ikapenya hadi chini na kuachanisha rangi na kilichoishika. Jua lilikuwa lilelile la miaka yote. Kilichobadilika kilikuwa idadi ya mikono ya rangi.

Kuhusu mwanga, fundi wa jua kali ana faida ambayo hasifiwi nayo. Hana chumba kisicho na vumbi, lakini analinganisha rangi mchana, nje, mahali ambapo gari litaishi. Vitabu vya Ulaya humshauri mtu atumie mwanga wa dirisha la kaskazini, ambako jua haliingii moja kwa moja. Nairobi iko nyuzi moja na kidogo kusini mwa ikweta. Jua hupita kaskazini ya jengo sehemu ya mwaka na kusini sehemu nyingine, na dirisha hilo halipo. Hata mwanga wa mchana rasmi wa kimataifa, uitwao D65, ulikokotolewa kutoka vipimo 622 vilivyochukuliwa Rochester, Ottawa na Enfield, miji yote ya mbali na tropiki. Sitaki kuikuza tofauti hii, maana mchana wa kivuli wa hapa hauko mbali sana na wa kule. Natosheka kusema kwamba fundi anayepaka kipande cha bati, akakikausha, akakipeleka juani na kivulini kabla ya kugusa gari, anafanya jaribio sahihi, na tatizo ni kwamba wateja wachache humpa muda wa kulifanya.

Mbinu inayofanya kazi kuliko zote haina mashine. Jicho hutambua tofauti ndogo sana pale rangi mbili zinapogusana kwenye ukingo, na huipoteza tofauti hiyohiyo ukingo ukiondolewa. Kwa hiyo fundi mzuri haimalizii rangi mpya mwisho wa mlango. Huimwaga nyepesi hadi ndani ya mlango wa nyuma na madigadi ya mbele, ikififia, kisha hupiga klia paneli zote tatu. Hajalinganisha rangi. Ameficha mahali pa kulinganishia. Kwa nyeupe kama 040 ya Toyota, isiyo na chembe, anaweza kuruka hatua hiyo na akafaulu. Kwa nyeupe ya lulu kama 070, yenye nyeupe chini, lulu katikati na klia juu, hawezi, kwa sababu kila mkono wa ziada wa lulu hubadili rangi, na hakuna ajuaye kiwanda kilipiga unene gani mpaka ajaribu kwenye vipande kadhaa vya bati. Mkaguzi wa bima, hata hivyo, huandika kilichogongwa, na kilichogongwa ni mlango mmoja. Rangi na klia ya paneli mbili za jirani, na saa za majaribio ya bati, fundi huzitoa mfukoni mwake, au huziacha, na mwenye gari akaondoka na nyeupe mbili.